Waombaji Walipoitwa, Waombaji Wakaja

Jumapili moja ya mwezi wa Agosti mwaka jana, katika kanisa ninakoabudu mjini Eldoret, ambalo msomaji ataniwia radhi nisipolitaja kwa jina, katibu alisimama kusoma matangazo kama ilivyo ada. Alitangaza arusi mbili, akatangaza mkutano wa wazazi wa Shule ya Jumapili, akatukumbusha ahadi zetu za mchango wa paa ambazo wengi wetu tulikuwa tumezisahau kwa hiari yetu wenyewe, kisha akahitimisha kwa maneno ambayo sisi tulioketi ndani tuliyasikia bila kuyazingatia. Waombaji wote, alisema, wasiondoke baada ya ibada. Wakutane katika chumba cha wazee, na chai itakuwapo.

Alikuwa akiwaita wanachama wa kikundi cha maombi, watu tisa, akina mama saba na wanaume wawili, ambao kila Jumapili hubaki nyuma kuwaombea wagonjwa, wafiwa, watahiniwa na wasafiri. Lakini kanisa letu lina vipaza sauti viwili vilivyoangikwa nje, chini ya paa, kwa ajili ya wale wanaokosa nafasi ndani. Tangazo likavuka ua, likafika langoni. Na langoni, kama ilivyo katika makanisa mengi ya miji yetu, huketi watu kila Jumapili wakingoja tutoke.

Ibada ilipokwisha watu wanne wakaingia. Aliyetangulia alikuwa mzee mwenye mkongojo, mguu wake wa kushoto umefungwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa cheupe. Nyuma yake alikuwa mama kijana na mtoto wake wa miaka kama saba, na nyuma yao kijana mmoja mrefu, mkimya, aliyeshika kofia mkononi. Mhudumu wa mlangoni akawazuia na kuwauliza wanakwenda wapi.

"Tumeitwa," mzee akajibu, kwa upole wa mtu aliyepata mwaliko.

"Nani amewaita?"

"Ninyi. Mmesema waombaji wote. Sisi si ndio waombaji?"

Mhudumu akacheka, halafu akakosa la kusema. Nami nilicheka, maana nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka hapo nikingoja kumsalimu mchungaji, na kwa mtu wa taaluma yangu neno lenye utata ni kama ua kwa nyuki. Nilikuwa hata nimeanza kupanga jinsi nitakavyolisimulia tukio hilo darasani siku ya Jumatatu.

Aliyeamua mambo ni kiongozi wa kikundi hicho cha maombi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye kanisa zima humwita Mwalimu kana kwamba wengine wetu hatujapata kushika chaki. Alitoka chumbani kuona ni nini kinachochelewesha chai. Alipoelezwa, hakucheka. "Wameitwa, nao wameitika," alimwambia mhudumu. "Lete vikombe vinne zaidi." Kisha akanigeukia: "Nawe, Daktari, maadamu umesimama tu hapo, ingia utusaidie kusogeza viti." Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kikundi cha maombi. Niliingia kwa ajili ya viti.

Kabla sijaeleza yaliyotokea chumbani, hebu tulitazame neno lenyewe, kwa kuwa ndilo lililoanzisha mambo haya na ndilo, kama itakavyoonekana, lililonitia hatiani.

Kitenzi omba ni miongoni mwa mali ya kale kabisa tuliyorithi katika ukoo wa lugha zetu. Si neno la mkopo kama sala, dua, toba au rehema, ambayo Waswahili walikuwa wameyapokea kutoka Kiarabu muda mrefu kabla ya Johann Ludwig Krapf kutia nanga Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafuta maneno ya kuandikia Injili. Ndugu zetu wasemao Kilingala husema lomba, na Wabemba wa Zambia vivyo hivyo. Sisi tumeidondosha ile l ya mwanzo, nao wameihifadhi. Maana ya msingi kote huko ni moja: asiye na kitu humwendea aliye nacho. Mkikuyu akisema hooya, huenda anasali au anaomba kitu kwa jirani. Atakayeamua ni muktadha. Mganda akisema saba, mambo ni yale yale. Mjaluo, kwa upande wake, ametenganisha: kwayo ni kuomba kitu kwa mtu, lamo ni kusali. Hata Waingereza, ambao leo hawawezi kumchanganya mwenye kusali na maskini wa barabarani, walilitoa neno lao la kusali katika Kilatini precari, yaani kusihi, na katika shina hilo hilo wakapata neno precarious, jambo lisilo na uhakika kwa sababu lategemea hisani ya mwingine.

Mwenye kusali, basi, kwa kadiri ya lugha hizi, ni mtu aliye katika hali hiyo isiyo na uhakika. Amekaa langoni pa mtu. Kiswahili kilipokopa neno sala kingeweza kuachana na omba katika mambo ya ibada, lakini hakikufanya hivyo; kiliyaweka yote mawili, na madhehebu yakagawana. Wakatoliki wetu hupenda kusema sala na kusali. Waprotestanti wengi husema maombi na kuomba, na Waislamu wana sala na dua zao kila moja kwa mahali pake. Mtoto aliyelelewa katika kanisa la aina yetu, kwa hiyo, hukua akitumia kitenzi kimoja kwa Mwenyezi Mungu na kwa shangazi anayegawa mandazi. Sioni kwamba ni upungufu wa lugha. Nilikuwa nikilifundisha jambo hili kwa miaka kumi na mitano, na mifano ninayo tele, lakini sikuwa nimewahi kuketi katika chumba kimoja na maana zote mbili.

Chumbani mlikuwa na joto. Viti vilipangwa mviringo, chai ikamiminwa. Mzee, aliposikia naitwa Daktari, alinyosha mguu wake mbele yangu na kuanza kukifungua kile kitambaa. Nikamweleza, kwa aibu kidogo, kwamba udaktari wangu ni wa lugha. Alinitazama kwa kitambo.

"Lugha nayo huugua?" akauliza.

Watu wakacheka, na mimi miongoni mwao. Lakini swali lile nimelala nalo siku nyingi.

Mwalimu aliwauliza wageni, mmoja mmoja, wanaomba nini. Mama kijana aliomba viatu vya shule vya mtoto, kwa kuwa mwalimu wa zamu alikuwa amemrudisha nyumbani mara mbili. Yule kijana alisema kwa sauti ya chini kwamba alitoka Lodwar kufanya kibarua cha ujenzi, mwenye kazi akatoroka na mshahara wa wiki sita, naye anaomba nauli tu, ya kwenda. Ya kurudi haitaki. Mzee aliomba kidonda kipone. Ana ugonjwa wa sukari, na dawa huzinywa zinapopatikana.

Kikundi kikaomba. Kiliomba kwa namna kilivyozoea, wote wamesimama, sauti zikipanda na kushuka, na mimi nikaomba nao kwa namna ninavyozoea, yaani kimya na kwa mashaka. Amina iliposemwa nilidhani tumemaliza. Mwalimu akavuta mkoba wake. Hakutoa hotuba, alitoa noti mbili akaziweka mezani kando ya birika, akaketi. Mmoja wa wanachama, muuguzi mstaafu, alipiga magoti akakitazama kidonda, akasema kwamba Jumatatu asubuhi atakuwa langoni amchukue mzee hadi hospitalini. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akatoka nje kupiga simu. Kwa muda usiozidi nusu saa, yale ambayo tulikuwa tumeyapeleka mbinguni yalikuwa yamegawanywa baina yetu. Waraka wa Yakobo, katika sura yake ya pili, una maneno makali juu ya mtu anayemtakia heri aliye uchi na mwenye njaa kisha akamwacha aende zake. Nimeyasikia yakihubiriwa mara nyingi. Mara nyingi zaidi nimesikia, na nimesema mwenyewe, lile neno letu jepesi: tutakuombea.

Jambo lililonigusa zaidi lilikuja baadaye, watu walipokuwa wakitafuta mikoba na miavuli yao. Mzee alikuwa bado ameketi. "Na ninyi," akasema, "mnaomba nini?"

Hakuna aliyejibu. Kikundi kile kilikuwa kimekutana, nilivyoelezwa baadaye, kwa miaka kumi na mmoja. Kilikuwa na daftari la majina ya watu walioombewa, kurasa kwa kurasa, pamoja na tarehe. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyekuwa amewauliza swali hilo, wala wao kwa wao hawakuwa wameulizana. Mwishowe Mwalimu akasema kwamba ana binti Mombasa ambaye hajazungumza naye kwa miaka mitatu, na kwamba kila simu inapolia usiku moyo humwenda mbio. Alisema hivyo akikunja kitambaa cha meza. Wanawake waliokuwa wakisali naye bega kwa bega kila Jumapili walimtazama kana kwamba wanamwona kwa mara ya kwanza. Mzee akaushika mkongojo wake, akasimama kwa taabu, akamwombea. Aliomba kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kinandi, kwa maneno machache, kama mtu aliyezoea kuomba bila kuchosha wasikilizaji.

Jumapili iliyofuata katibu alitangaza vile vile, nao wakaja vile vile, sasa wakiwa sita. Jumapili ya tatu walikuwa tisa, idadi sawa na ya kikundi chenyewe. Kijana wa Lodwar hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwao.

Hapo ndipo manung'uniko yalipoanza. Sitaki kuwaonea waumini wenzangu, kwa kuwa baadhi ya waliyoyasema yalikuwa na msingi. Chumba ni kidogo. Kulikuwa na harufu. Kijana mmoja alikuja amelewa akaimba. Dada mmoja alilalamika kwamba simu yake imepotea, na habari hizo zikaenea haraka kuliko habari za kupatikana kwake, siku mbili baadaye, chini ya kiti cha gari lake mwenyewe. Lakini chini ya manung'uniko hayo, nionavyo mimi, kulikuwa na jambo jingine, nalo ni fikra tuliyojijengea kuhusu safari ya sadaka. Tunaamini kwamba sadaka hutoka kwenye viti ikaenda mbele, madhabahuni. Hatukumbuki tena kwamba ina safari nyingine ya kwenda nyuma, langoni.

Neno sadaka lenyewe halikuwa na dhana hiyo nyembamba. Limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ukweli, na ni ndugu wa damu wa kitenzi sadiki; atoaye sadaka anathibitisha kwamba asadikicho anakisadiki kweli. Katika Injili ya Mathayo, Kigiriki kina maneno mawili mbalimbali: moja la zawadi inayopelekwa madhabahuni, katika sura ya tano, na jingine la msaada anaopewa maskini, katika sura ya sita, hili la pili linatokana na neno la huruma. Watafsiri wa Biblia yetu ya Union, iliyotoka kamili mwaka 1952, walitumia sadaka mahali pote pawili. Mwanafunzi mwepesi wa kukosoa atasema walipoteza tofauti. Mimi nasema walifanya jambo jema, kwa kuwa kwa msomaji wa Kiswahili madhabahu na maskini viliwekwa chini ya neno moja. Tulioipoteza tofauti kwa njia mbaya ni sisi wa baadaye, tulioliacha neno liende upande mmoja tu, hadi leo ukisema sadaka mtu anatafuta nambari ya paybill iliyoandikwa ukutani.

Nilikulia katika kijiji ambako fedha taslimu zilikuwa adimu, nasi tulipeleka sadaka ya mazao: kibaba cha maharagwe, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, mayai ndani ya kikapu. Baada ya ibada vitu hivyo vilinadiwa chini ya mti. Nakumbuka mjane mmoja aliyeleta mayai matatu, na mwalimu mkuu wa shule yetu akayanunua kwa bei ya kuku mzima, kisha akayapeleka, mbele ya macho yetu, kwa mama aliyekuwa amejifungua juma hilo na ambaye hakuwa na kitu. Mayai yalipita madhabahuni yakatoka. Mjane alitoa, mwalimu akatoa, mzazi akapata, na hazina ya kanisa ikapata fedha zake. Sijaona mfumo wa hesabu unaozidi ule. Methali isemayo kutoa ni moyo usambe ni utajiri niliielewa siku hiyo, ingawa neno usambe sikulielewa hadi nilipofika chuo kikuu. Walimu mnaofundisha methali hii tafadhali msiipite hivi hivi: usambe ni usiseme, kutokana na kitenzi cha kale amba, ambacho tunacho bado katika ambia na kwamba. Methali inamkanya msemaji asitoe udhuru.

Siku hizi mnada umekwisha katika makanisa ya mjini na mahali pake pamechukuliwa na mgeni wa heshima. Mambo haya yamejadiliwa sana na sitayarefusha. Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alipoagiza zirudishwe fedha ambazo Rais alikuwa amezitoa katika parokia moja ya Soweto, wengi tulishangaa, na kushangaa kwetu kulionyesha tulikuwa tumefika wapi. Machi 2025 ahadi ya shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu iliwatoa vijana barabarani. Mimi nataka tu kuongeza jambo dogo, kwamba ni rahisi kuikataa sadaka ya mkubwa na papo hapo kuendelea kumkataa maskini. Katika kanisa letu, wiki ile ile tuliyotia sahihi waraka wa kuwakanya wanasiasa dhidi ya kututumia, tuliunda kamati ndogo ya kushughulikia lile lililoitwa suala la usalama wa chumba cha wazee.

Kamati hiyo ilikuwa ya watu waungwana. Hawakutaka kumfukuza mtu. Walipochunguza chanzo cha tatizo waligundua, kwa furaha, kwamba chanzo si watu bali ni neno. Tangazo lilikuwa na utata! Utata ukiondolewa, wasioitwa hawatakuja. Na ndani ya ushirika kulikuwa na mtaalamu wa lugha.

Waliniandikia barua rasmi kuniomba ushauri. Nakiri kwamba nilifurahi. Msomi wa isimu haulizwi mambo mengi na watu wa kawaida. Mhandisi huulizwa kuhusu paa, mwanasheria kuhusu kiwanja, sisi huulizwa tu kama ni sahihi kusema muumini au mwumini. Nikaketi usiku, nikafungua kamusi, nikaandika ukurasa mmoja na nusu. Nilieleza kwamba kiambishi cha mwisho -aji, kama katika msomaji na mwindaji, humtaja mtendaji wa mazoea, na kwamba mwombaji kwa hiyo ni yeyote aombaye, awe anaomba kwa Mungu au kwa watu. Nikapendekeza neno mwombezi. Neno hili, niliandika, limetokana na kauli ya kutendea, ombea. Zamani kauli hiyo ilikuwa na l, ombela, na ile l ilipokutana na i ya kale ya mtendaji iligeuka z. Ndiyo sababu okoa hutoa mwokozi, tetea hutoa mtetezi, na ombea hutoa mwombezi. Ni neno fasaha, la Kibiblia, lisilo na utata wowote. Nikatia sahihi na shahada zangu.

Kamati ilifurahi mno. Jumapili iliyofuata katibu akatangaza: waombezi wote wabaki. Langoni hakuna aliyeinuka.

Walimu wenzangu, uchambuzi ule haukuwa na kosa, na mwanafunzi akiuandika katika mtihani nitampa alama zote. Ndilo linalonisumbua. Tofauti ya mwombaji na mwombezi si ya sauti tu. Mwombaji ana haja yake. Mwombezi amebeba haja ya mwingine. Yeye mwenyewe, kwa kadiri ya sarufi, hana upungufu wowote. Ni neno zuri, na kauli ya kutendea ni mojawapo ya fahari za Kiswahili, maana humtafutia mwenzio nafasi ndani ya kitenzi chenyewe. Lakini kikundi kikijiita waombezi tu, kimejiweka upande wa wasiohitaji. Swali la yule mzee, na ninyi mnaomba nini, haliwezi kuulizwa waombezi. Nilikuwa nimewapa wenzangu neno la kujifichia, na mlango nimeufunga kwa fonolojia.

Lipo simulizi katika Matendo ya Mitume, sura ya tatu, ambalo sikulikumbuka nilipokuwa nikiandika barua ile. Mitume wawili wanakwenda hekaluni saa ya kusali. Mlangoni wanamkuta kiwete ambaye huwekwa pale kila siku aombe. Saa ni ya kuomba ndani, na mtu anaomba nje, na kati yao pana lango lenye jina la Mzuri. Fedha hawana. Huwa tunahubiri sana muujiza wa miguu, nami sina neno juu yake, ila ningependa siku moja nisikie mahubiri kuhusu sentensi inayofuata, inayosema kwamba mtu yule aliingia nao ndani.

Lipo pia neno imani. Katika kanisa letu imani maana yake ni kuamini yasiyoonekana, na hapana shaka hiyo ndiyo maana yake ya kidini. Lakini nenda Lamu au Mombasa usikie mtu akisema fulani hana imani; hasemi kwamba ni mkanamungu, anasema ni katili, hana huruma. Kamusi zinazitambua maana zote mbili. Mzizi wake wa Kisemiti umetupa pia amini, amani na amana, na hata ile amina tunayofungia maombi. Nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba maana ya huruma ni upanuzi wa baadaye wa maana ya itikadi. Sasa sitaki tena kulisema hilo kwa haraka. Mtu wa pwani anayetazama jinsi unavyompita maskini na kuamua kama una imani au huna, huenda analitumia neno kwa uangalifu zaidi kuliko sisi.

Mwalimu hakunilaumu. Alikutana nami uani baada ya tangazo lile la kwanza la waombezi, akaniambia, "Umeandika vizuri, Daktari," akaenda zake. Ningependa angenigombeza.

Mzee niliendelea kumwona. Kidonda kilikuwa kimeanza kukauka, kwa kuwa yule muuguzi hakuacha kumpeleka hospitalini kila wiki, tangazo au pasipo tangazo. Jumapili moja ya Novemba nilipokuwa nikitoka alinisimamisha. "Daktari," akasema, "siku hizi hatuitwi?" Nilitia mkono mfukoni nikampa noti ya shilingi mia mbili. Aliipokea akanishukuru kwa unyenyekevu wa kawaida, akaitia katika kopo. Katika majuma yote tuliyokunywa chai pamoja hakuwa amewahi kunishukuru hivyo.

Usiku ule niliandika barua ya pili kwa kamati. Nimeomba lile neno la kwanza lirudishwe, pamoja na utata wake wote. Barua hii ni fupi kuliko ya kwanza na haina hata mfano mmoja wa mofolojia. Imeorodheshwa katika ajenda ya kikao cha mwisho wa mwezi huu, chini ya mengineyo, baada ya ripoti ya paa.

Mwalimu, hata hivyo, hakungoja kikao. Jumapili mbili zilizopita nilipotoka kanisani nilikuta viti vya plastiki vimepangwa mviringo nje ya lango, kando ya kibanda cha bawabu, na birika la chai juu ya stuli. Kikundi kizima kilikuwapo, na wale wengine walikuwapo, na bawabu mwenyewe amevua kofia. Kelele za matatu zilikuwa nyingi kiasi cha kutosikika anayeomba ni nani. Nikaingia ndani nikachukua viti viwili zaidi.

Juzi katibu amenipigia simu. Anataka kujua kikundi hicho cha langoni kiitwe jina gani katika matangazo, kwa Kiswahili sanifu. Sijamjibu.